Vilemba na Vipini vya Shuri

Siku moja, tulipokuwa tukifundisha habari za falme za zamani, mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, mtu akivuliwa cheo chake, hubaki na nini?» Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, wala hatukumjibu upesi, kwa maana swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Hakuna jamaa asiyemjua mtu aliyeheshimiwa jana na asiyesalimiwa leo.

Tangu siku ile tumepata kusoma habari za nchi moja ndogo, iliyo mbali sana na kwetu, ambayo kwa muda wa miaka 450 iliwapanga watu wake kwa vyeo, hata mgeni aliweza kukijua cheo cha mtu kwa kumtazama kichwani tu. Nchi hiyo iliitwa Ryukyu, na mji wake mkuu ulikuwa Shuri. Leo twawaalika wasomaji wetu tupande pamoja mpaka Shuri. Hatuhitaji merikebu wala nauli. Ramani na fikira zatutosha.

Visiwa na mfalme wao

Tazameni ramani. Kati ya Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, na kisiwa cha Taiwan, mtaona visiwa vidogo vimetawanyika baharini kama shanga za mkufu uliokatika. Kilicho kikubwa kuliko vyote huitwa Okinawa; urefu wake ni kama kilometa 100, na upana wake mahali pengi ni kilometa chache tu. Mashamba yake si mengi, na kila mwaka tufani hupita juu yake. Lakini wenyeji walikuwa mabaharia hodari. Majahazi yao yalifanya biashara na Uchina, Japani, Korea, Siam na Malaka, na kwa njia hiyo nchi maskini ikapata mali.

Hapo zamani kisiwa kiligawanyika katika falme tatu. Mwaka 1429 Sho Hashi alimaliza kuziunganisha, naye akakaa Shuri. Mwaka 1470 ukoo mwingine ulianza kutawala, na katika ukoo huo alitoka mfalme mkuu kuliko wote, Sho Shin, aliyetawala tangu 1477 hata 1526. Huyo ndiye aliyeweka msingi wa mambo tunayotaka kuyaeleza.

Kabla ya Sho Shin, kila eneo lilikuwa na bwana wake, aitwaye aji, mwenye ngome na askari wake. Mabwana wa namna hiyo wakikasirika, nchi huwaka moto. Sho Shin hakuwaua wala hakuwavunjia heshima. Aliwaita waje kukaa Shuri karibu naye, akawaachia cheo chao na mapato ya nchi zao, lakini kazi ya kutawala kule akawapa watu aliowatuma mwenyewe. Maandishi yaliyochorwa mwaka 1509 kwenye ukingo wa mawe wa jumba lake yalisimulia matendo yake: ya kwamba panga, pinde na mishale vilikusanywa viwe zana za kuilinda nchi, na ya kwamba daraja za watumishi zilipambanuliwa kwa rangi ya vilemba vyao, na kwa dhahabu au fedha ya vipini vya nywele zao. Hivyo mtu aliyekuwa akijivunia upanga wake alianza kujivunia kilemba chake.

Njia ya milango

Sasa tupande kilima. Ngome ya Shuri inasimama mahali pa juu, yapata mita 120 juu ya bahari, na kuta zake ni za mawe meupe ya matumbawe, zimepinda kama nyoka aliyelala. Kwanza twapita chini ya mlango wa mbao uitwao Shureimon. Juu yake pameandikwa maneno yenye maana hii: nchi inayoshika adabu. Kisha Kankaimon, mlango wa kuwakaribisha wageni kwa furaha, ambamo wajumbe wa Kaisari wa Uchina walipitia. Karibu na mlango unaofuata yako maji yanayotoka katika kinywa cha joka la jiwe, lililoletwa kutoka Uchina mwaka 1523. Nalo lipo hata leo.

Halafu twafika Rokokumon, mlango wa saa ya maji. Hapo mlinzi alitazama maji yakipungua chomboni, na saa ikitimia alipiga ngoma. Wakubwa waliokuja wamebebwa katika kipoyi walishuka hapo, nao wakaenda kwa miguu kama wengine, kwa ajili ya heshima ya mfalme. Twapenda sana desturi hiyo. Mtu aliyebebwa na mabega ya wenzake njia nzima, alipokaribia kiti cha mamlaka alikumbushwa kwamba naye ana miguu.

Mlango wa mwisho, Hoshinmon, una njia tatu. Ya katikati ilikuwa ya mfalme na ya wajumbe wakuu wa kigeni. Watumishi wengine walipita pembeni. Ndani yake upo uwanja uitwao Una, uliotandikwa mistari ya vigae vyekundu na vyeupe. Mistari hiyo haikuwa pambo tu. Siku za sherehe kila mtumishi alisimama katika mstari wa cheo chake, nyuso zote zikilielekea jumba la mfalme. Kushoto kulikuwa na jumba la kaskazini, ambamo kazi za serikali zilifanyika na wajumbe wa Uchina walikaribishwa. Kulia kulikuwa na jumba la kusini, ambamo walikaribishwa watu wa Satsuma, ambao habari zao twazisimulia mbele kidogo.

Ngazi ya vyeo

Walisimama hapo watu gani? Juu kabisa walikuwa wana wa mfalme na watu waliopewa daraja ya wana wa mfalme. Chini yao aji, jamaa za ukoo wa kifalme na wazao wa mabwana wa zamani. Hao hawakuhesabiwa katika daraja za watumishi. Walikuwa juu yake. Kisha zilifuata daraja tisa, na kila moja iligawanyika mbili, ya juu na ya chini, jumla 18. Wa kwanza katika hizo waliitwa uekata, nao walivaa vilemba vya zambarau. Baada yao pechin, wenye vilemba vya manjano. Chini yao satonushi na chikudun, wenye vilemba vyekundu. Kipini cha nywele kilisema vilevile: dhahabu kwa wakubwa wa juu, fedha kwa watumishi wengine, shaba nyeupe au ya manjano kwa mkulima.

Tena, cheo kiliingia katika jina lenyewe. Mkubwa aliyepewa nchi kuwa mapato yake aliitwa kwa jina la nchi ile, kisha cheo chake, kisha jina lake la kiume. Aliyepewa Haneji aliitwa Haneji. Akihamishiwa nchi nyingine, jina nalo lilibadilika. Baba na mtoto waliweza kuwa na majina mbalimbali kwa sababu nchi zao ni mbalimbali. Zaidi ya hayo mtu alikuwa na jina la utotoni, na wengi walikuwa na jina la Kichina kwa ajili ya mambo ya Uchina. Basi mtu mmoja aliweza kuwa na majina matatu, na lile watu walilomwitia kila siku si mali yake; lilikuwa la cheo na la udongo aliokabidhiwa.

Juu ya serikali yote, chini ya mfalme, palikuwa na sessei, msaidizi mkuu wa mfalme, ambaye kwa kawaida alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme. Lakini kazi yenyewe ilishikwa na watu watatu walioitwa sanshikan. Hao walichaguliwa kwa kura za wakubwa wa Shuri, kisha mfalme akawathibitisha. Chini ya watatu walikuwapo kumi na watano, wakuu wa idara za hazina, mashauri, mambo ya nje na kadhalika. Jambo kubwa likitokea, wale kumi na watano walishauriana kwanza, maoni yao yakapelekwa kwa watatu na sessei, na mwisho kwa mfalme. Kwa hiyo hata nchi ya mfalme mmoja ilikuwa na desturi ya baraza.

Wanawake nao walikuwa na cheo cha serikali. Dada au binti wa mfalme aliitwa kikoe-ogimi, mkuu wa makuhani wanawake wa dini ya kale ya visiwa. Chini yake, vijijini, walikuwako noro, waliosimamia matambiko ya kijiji. Nao walipokea barua ya uteuzi yenye muhuri wa Shuri na shamba la kuwalisha, sawasawa na watumishi wanaume. Zamani kikoe-ogimi alikuwa wa pili baada ya mfalme. Mwaka 1667 sessei Haneji Choshu alimshusha chini ya malkia, kwa kuwa alitaka serikali iendeshwe na maandiko na hesabu zaidi kuliko matambiko.

Aliyekataa kutia sahihi

Mwaka 1609 mtawala wa Satsuma, kusini mwa Japani, alituma askari kama 3,000. Ryukyu haikuweza kusimama mbele ya bunduki zao. Mfalme Sho Nei alichukuliwa mateka pamoja na washauri wake, akapelekwa Kagoshima na mpaka Edo. Mwaka 1611 aliruhusiwa kurudi, lakini kwa sharti: yeye na wakubwa wake waape kwa maandishi kwamba nchi yao tangu zamani ilikuwa chini ya Satsuma, na kwamba watatii daima.

Mfalme alitia sahihi. Wakubwa walitia sahihi. Mmoja wa sanshikan, Jana Uekata, alikataa. Alitoka Kume, mtaa wa Naha walimokaa watu wenye asili ya Uchina, na katika ujana wake alisoma Uchina. Alijua kwamba maneno ya kiapo kile si kweli. Alikatwa kichwa huko Kagoshima.

Hatutaki kuwahukumu waliotia sahihi. Pengine waliwaza watu wao waliowangojea nyumbani, na kweli ufalme uliendelea kuishi miaka 270 baada yake. Lakini tazameni: wote walivaa vilemba vya wakubwa, wote walikuwa na maneno mazuri juu ya adabu na uaminifu. Siku moja tu ilikuja ambayo kilemba kilidaiwa bei yake, na mmoja akailipa.

Tangu hapo Ryukyu ilikuwa na mabwana wawili. Ilipeleka zawadi kwa Kaisari wa Uchina, na wajumbe wake walikuja kumtawaza mfalme. Wa mwisho walifika mwaka 1866. Tena ilipeleka kodi Satsuma, na hata uchaguzi wa sanshikan ulihitaji kibali cha huko. Ndiyo maana yale majumba mawili yalitazamana uwanjani. Kwa taifa lisilo na nguvu za silaha, vyeo, sherehe na adabu havikuwa mchezo. Vilikuwa ngao yake.

Uzito wa kilemba

Ngazi hii ilikuwa na uovu wake pia. Mwaka 1689 serikali ilifungua ofisi ya nasaba. Jamaa za watumishi zikaandikisha vitabu vya ukoo, na tangu hapo watu wakagawanyika wazi: wenye kitabu cha nasaba na wasio nacho. Mtoto wa mkulima, hata akiwa na akili gani, hakuweza kupata kilemba cha Shuri. Cheo cha juu alichoweza kutumaini ni cha kijijini au cha wilaya yake.

Lakini hata wenye kitabu hawakupata raha wote. Watoto wa watumishi waliongezeka, na nafasi hazikuongezeka. Vijana walisoma, wakafanya mitihani, wakangoja miaka mingi. Wengi walioshindwa waliondoka Shuri na Naha wakaenda mashambani, wakajenga vijiji vipya katika ardhi ya kukodi. Walibaki watu wa cheo kwa jina, na wakulima kwa mikono.

Aliyeliona jambo hilo kwa macho yaliyo wazi ni Sai On, aliyezaliwa Kume mwaka 1682, akawa sanshikan mwaka 1728. Yeye aliwapa wenye nasaba ruhusa ya kushika ufundi na biashara bila kuona haya. Alitunza misitu, akawafundisha watu jinsi ya kukata na kupanda miti. Mwaka 1735, mto wa Haneji ulipofurika na kuharibu mashamba, alikwenda mwenyewe kusimamia kazi ya kuutengeneza. Hakuwa mkubwa wa kukaa chini ya paa la Shuri akingoja barua.

Na ni nani aliyelipa gharama ya dhahabu na zambarau hizo? Mkulima. Katika visiwa vya mbali vya Miyako na Yaeyama, tangu 1637, watu wenye umri wa miaka 15 hata 50 walitozwa kodi ya kichwa, wanaume kwa nafaka, wanawake kwa nguo walizofuma. Mvua isinyeshe, tufani ipite, kodi ilidaiwa vilevile. Kodi hiyo ilidumu kuliko ufalme wenyewe. Ilifutwa mwaka 1903. Wenye kusifu adabu za Shuri na wawakumbuke wale wanawake walioinama juu ya kitanda cha mfumi usiku na mchana.

Yule wa viazi

Twataka kumtaja mtu mmoja wa mwisho, aliye mdogo kwa cheo kuliko wote tuliowataja. Katika jahazi la kupeleka zawadi Uchina palikuwa na ofisa aliyeitwa sokan. Mwaka 1605 sokan mmoja, mwenyeji wa kijiji cha Noguni, alirudi kutoka Fujian na mche wa viazi vitamu ndani ya chungu. Aliupanda kijijini kwake. Mtumishi mwingine, Gima Shinjo, akasikia, akauomba, akajifunza kuulima, akaueneza kisiwa chote.

Sisi tunaolima viazi vitamu na kupika matembele twajua maana ya zao hilo: latoa chakula katika udongo mbaya, na upepo haulivunji kama mtama au mpunga, kwa kuwa mali yake imo chini ya ardhi. Katika nchi ya tufani lilikuwa wokovu. Kutoka Ryukyu kiazi kilivuka bahari mpaka Satsuma, na toka huko kikaenea Japani. Hata leo Wajapani wengi hukiita kiazi cha Satsuma.

Jina la mtu huyo ni nani? Watu humwita Noguni Sokan tu, yaani sokan wa Noguni. Kijiji na cheo, basi. Na huko Kadena, katika Okinawa, kila mwaka hufanyika sikukuu ya kumkumbuka.

Mwisho wa vilemba

Mwaka 1879 serikali mpya ya Japani iliamua kuumaliza ufalme. Mjumbe wake alikuja Shuri na polisi na askari, na tarehe 27 Machi alisoma amri. Siku mbili baadaye mfalme Sho Tai alitoka katika ngome ya wazee wake, na mwezi wa Aprili Okinawa ikawa mkoa wa Japani. Mfalme alipelekwa Tokyo, akapewa cheo kipya cha kijapani mwaka 1885. Alifariki mwaka 1901, na mwili wake ukarudishwa Shuri, ukazikwa katika Tamaudun, makaburi ya mawe aliyoyajenga Sho Shin mwaka 1501.

Wakubwa wengine walikimbilia Uchina kuomba msaada usiokuja. Wengine walikaa nyumbani, wakakataa kwa miaka kadhaa kukata fundo la nywele lililoshika kipini. Kisha wajukuu wao walikwenda shule na nywele fupi, na vipini vikawekwa sandukuni.

Ngome nayo ilipata mateso. Mwaka 1945 vita iliibomoa kabisa. Mlango wa Shureimon ulijengwa upya mwaka 1958, na jumba kuu mwaka 1992. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2019 moto ulilichoma jumba hilo pamoja na yale mawili yaliyotazamana, la kaskazini na la kusini. Mwaka 2022 mafundi walianza tena kulisimamisha. Watu wa Okinawa hawakuyaacha majivu yao, ijapokuwa hapana tena mfalme wa kukaa humo wala aji wa kushuka katika kipoyi.

Basi, tumrudie mwanafunzi wetu. Mtu akivuliwa cheo, hubaki na nini? Katika Shuri tumewaona waliovaa zambarau ambao hakuna anayewakumbuka. Tumemwona Jana, aliyepoteza cheo na kichwa, na neno lake la kukataa halikupotea. Tumemwona Sai On, ambaye misitu yake iliota baada yake. Na tumemwona ofisa wa jahazi, aliyebaki na cheo bila jina, kwa sababu siku moja alichukua chungu chenye mche akawafikiria watu wa kijijini kwake.

Tutamwambia hivi: hubaki na kile alichowatendea wengine alipokuwa nacho. Naye akiuliza tena, tutampeleka shambani tumwonyeshe tuta la viazi.